Rada za kinga dhidi ya makombora, majini na nchi kavu

MNAMO Februari 25, 1991, katika siku za mwisho za Vita vya Ghuba, rada mbili zilitahiniwa kwa swali moja na majibu yakawa mbali kama mbingu na ardhi.

Kabla ya mapambazuko, manowari ya Uingereza, HMS Gloucester, ikiwa karibu na pwani ya Kuwait, iligundua kitu kikitoka nchi kavu na kuelekea ilikokuwa manowari kubwa ya Marekani, USS Missouri. Kilikuwa kombora la Silkworm lililoundwa China na kurushwa na jeshi la Iraq. Gloucester ilijibu kwa makombora ya Sea Dart na kulidungua. Tukio hilo huhesabiwa kuwa la kwanza ambapo meli ilidungua kombora kwa kombora vitani.

Jioni ya siku iyo hiyo, mjini Dhahran nchini Saudi Arabia, kombora la Scud liliangukia ghala lililokuwa limegeuzwa bweni la wanajeshi wa Marekani. Wanajeshi 28 walifariki. Kikosi cha Patriot kilichowekwa kuulinda mji huo hakikufyatua hata kombora moja.

Wengi hudhani kwamba kinga ya makombora ni kombora linalofukuza kombora jingine. Hilo ndilo linaloonekana katika televisheni. Lakini kombora la kinga ni kipofu bila rada, na takriban kila ushindi na kila msiba katika historia ya silaha hizi ulianzia pale rada ilipoona, iliposhindwa kuona, au pale binadamu alipokisoma visivyo kile rada ilichokiona.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, neno rada kwa muda mrefu lilileta picha nyingine kabisa, ile ya kashfa ya rada ambayo Tanzania iliuziwa na kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, na ambayo ilimalizika kwa kampuni hiyo kulipa pauni milioni 29.5 zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Mtambo ule ulikuwa wa kuongoza ndege. Mitambo inayozungumziwa hapa ni ya ukoo mmoja na ule, ila kazi yake ni ngumu zaidi na gharama yake haina kifani.

MWANGWI NA UPEO

Rada hutuma mawimbi ya redio kisha husikiliza mwangwi, kama mtu anayepiga ukelele bondeni na kusubiri mlima umjibu. Mawimbi hayo husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hivyo, mwangwi ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kitu kilichoguswa kipo umbali wa kilomita 150. Mahali antena ilikoelekea ndiko kitu kiliko. Kasi yake nayo hujulikana kwa badiliko dogo la mawimbi yanayorudi, sawa na vile mlio wa honi ya matatu unavyokuwa mwembamba inapokujia na kuwa mnene inapokupita.

Hayo ni mepesi kueleza. Ugumu huanza katika hesabu ya nguvu. Mawimbi hufifia yakienda na hufifia tena yakirudi, hivi kwamba anayetaka rada yake ione mbali maradufu, mengine yote yakibaki yalivyo, lazima aiongeze nguvu mara 16. Hii ndiyo sababu rada za kutafuta makombora ya masafa marefu zina ukubwa wa jumba la ghorofa na hula umeme kama mji mdogo.

Ugumu wa pili ni umbo la dunia. Mawimbi ya rada za kawaida husafiri karibu katika mstari ulionyooka ilhali dunia ni mviringo. Antena iliyo mita 20 juu ya maji haiwezi kuona kombora linaloruka mita 5 juu ya mawimbi hadi lifike takriban kilomita 28. Ikiwa kombora hilo huenda mita 300 kwa sekunde, nahodha amebakiwa na dakika moja u nusu ya kugundua, kutambua, kuamua na kufyatua. Hakuna fedha zinazoweza kununua dakika ya tatu. Ndiyo maana wajenzi wa manowari hupandisha rada mlingotini juu wawezavyo, na ndiyo maana manowari za Uingereza za aina ya Type 45 hubeba rada ya Sampson katika tufe lililoinuliwa mno hata meli yenyewe huonekana kama imevaa kofia.

Hapa msomaji atenganishe aina mbili za makombora. Kombora la balistiki hutupwa juu kama jiwe la teo. Injini yake huzimika mapema, kisha huendelea kwa kasi lililoipata na kuanguka kwa uzito wake. Huenda kwa kasi ya kutisha, lakini hupanda juu sana, na kwa hivyo rada iliyo mbali yaweza kuliona. Kombora la kruzi huruka kama ndege, chinichini, likijificha nyuma ya vilima na mviringo wa dunia. La kwanza huonekana mapema lakini ni gumu kulifikia. La pili ni rahisi kulidungua endapo litaonekana kwa wakati.

Turudi kwa Gloucester. Rada yake haikuonyesha kimo cha kitu kile, na ndege za Marekani za A-6 zilikuwa zikirejea kutoka mashambulizini kupitia njia iyo hiyo kwa kasi inayokaribiana na ya Silkworm. Katika skrini, zote zilikuwa nukta tu. Hata hivyo, afisa aliyekuwa zamu alisema moyo wake ulishtuka mara alipoiona nukta ile, bila kujua kwa nini. Watafiti waliochunguza kisa hicho baadaye walipata maelezo: kitu kinachoruka chini hufichwa na mwangwi wa nchi kavu kwa muda mrefu zaidi, hivyo nukta ile ilijitokeza mbali na ufuo kuliko zilivyozoea kujitokeza nukta za ndege. Jicho la afisa lilikuwa limeona tofauti hiyo kabla akili yake haijaitaja. Ilichukua saa kadhaa kabla ya kuthibitishwa kwamba hakuwa ameangusha ndege ya rafiki.

ANTENA ISIYOZUNGUKA

Rada ya zamani huzunguka kama feni, na kati ya mzunguko mmoja na mwingine haijui kinachotokea mgongoni mwake. Dhidi ya makombora, sekunde hizo za upofu ni nyingi mno. Jawabu lilikuwa antena isiyosogea, iliyojengwa kwa maelfu ya antena ndogo ndogo, kila moja ikituma wimbi lake kwa kuchelewa au kuwahi kidogo kuliko jirani yake. Fikiria askari wa gwaride wanapokata kona: aliye ndani hufupisha hatua, aliye nje hurefusha, na mstari mzima hugeuka bila kuvunjika. Vivyo hivyo boriti ya mawimbi hugeuzwa kwa umeme pekee, ikaruka kutoka pembe moja ya anga hadi nyingine kufumba na kufumbua.

Jeshi la Wanamaji la Marekani lilijenga mfumo wake wa Aegis juu ya wazo hilo. Rada yake, AN/SPY-1, ina nyuso nne za pembe nane, kila moja na zaidi ya antena ndogo 4,000, zilizopachikwa kwenye kuta za meli ili zitazame pande zote kwa pamoja. Meli ya kwanza ya aina hiyo, USS Ticonderoga, ilianza kazi mnamo Januari 1983. Leo mfumo huo umo pia katika manowari za Japani, Korea Kusini, Uhispania, Norway na Australia, na umepelekwa hata nchi kavu: kituo cha Deveselu nchini Romania kina jengo linalofanana na sehemu ya juu ya meli iliyokwama katikati ya mashamba. Mrithi wake, AN/SPY-6, aliingia baharini kwa mara ya kwanza ndani ya USS Jack H. Lucas iliyopokelewa rasmi mnamo Oktoba 2023.

Lakini rada nzuri haimzuii mtu kukosea. Mnamo Julai 3, 1988, manowari ya Aegis, USS Vincennes, ilidungua ndege ya abiria ya Iran Air, safari nambari 655, juu ya Mlango wa Hormuz. Watu wote 290 waliokuwamo walikufa, 66 kati yao wakiwa watoto. Uchunguzi wa Wamarekani wenyewe ulionyesha kwamba mitambo ilirekodi sawasawa kuwa ndege ile ilikuwa ikipanda. Mabaharia, waliokuwa katikati ya mapambano na mashua za Iran, waliamini na kutangaziana kwamba ilikuwa ikishuka kuwashambulia. Mtambo uliosemekana kuwa hodari kuliko yote duniani ulisema kweli na haukusikilizwa.

SAA ILIYOCHELEWA DHAHRAN

Kisa cha Dhahran kinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu hakikuwa cha woga wala uzembe wa askari zamu. Kilikuwa kosa la hesabu, na la kitoto kwa kutazama tu.

Rada ya Patriot ya wakati huo hutazama upande mmoja. Inapogundua kitu, tarakilishi yake hukadiria mahali kitu hicho kitakapokuwa muda mfupi baadaye, kisha huitazama sehemu hiyo tu ya anga. Kikionekana pale, ni kombora kweli. Kisipoonekana, huchukuliwa kuwa ilikuwa ndoto.

Saa ya mfumo ilihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Sasa, sehemu ya kumi ikiandikwa kwa lugha ya tarakilishi, yaani kwa 0 na 1 pekee, haina mwisho, kama vile theluthi isivyo na mwisho tukiiandika 0.333. Nafasi iliyotengwa ilikuwa ya biti 24, kwa hivyo mkia ulikatwa. Kilichokatwa ni kidogo kuliko kope, lakini hujumlika kadiri mtambo unavyokaa bila kuzimwa. Patriot ilikuwa imebuniwa kuhamahama ikikabili ndege za Kisovieti huko Ulaya, ifanye kazi saa chache kisha izimwe na kuhamishwa. Kule Dhahran kikosi kilikuwa kimewasha mtambo kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Kosa lilikuwa limefika takriban thuluthi moja ya sekunde. Kwa kombora liendalo zaidi ya kilomita moja u nusu kwa sekunde, hiyo ni tofauti ya zaidi ya nusu kilomita. Rada ilitazama pasipo na kitu, ikaona pasipo na kitu, ikanyamaza.

Linalouma zaidi ni kwamba tatizo lilijulikana. Waisraeli walikuwa wamewaarifu Wamarekani mnamo Februari 11 kwamba usahihi hupungua mtambo ukiachwa kwa saa nyingi. Vikosi vilitumiwa onyo kuhusu kuwasha mtambo kwa muda mrefu mno, bila kuelezwa muda mrefu mno ni saa ngapi. Kuuzima na kuuwasha upya kungetosha, kazi ya dakika moja hivi. Programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran mnamo Februari 26, siku moja baada ya maafa.

Msiba wa jamii hiyo ulitokea tena Januari 8, 2020, karibu na Tehran. Kikosi cha kinga cha Iran, kikiwa katika tahadhari kuu kikisubiri makombora ya kruzi ya Marekani, kiliidungua ndege ya shirika la Ukraine, safari PS752, na kuwaua watu 176. Ripoti ya mamlaka ya Iran ilieleza kwamba mtambo ulikuwa umehamishwa bila kuelekezwa upya, hivi kwamba upande ulioonekana kwenye skrini ulipotoka kwa digrii 107. Ndege iliyokuwa ikiondoka uwanjani ikaonekana kana kwamba inaujia mji. Si wote walioridhika na maelezo hayo, na ndugu za marehemu wamekuwa wakidai haki tangu hapo.

MACHO MAKUBWA

Zipo rada ambazo hazimlindi mtu mmoja mmoja wala mji, bali hutoa onyo. Wakati wa Vita Baridi Marekani ilijenga vituo vitatu vikubwa: Thule huko Greenland, Clear huko Alaska, na Fylingdales nchini Uingereza. Kile cha Thule kilikuwa bado kipya mnamo Oktoba 5, 1960 kilipotangaza kwamba makombora mengi ya Kisovieti yalikuwa njiani. Ulikuwa mwezi, ukichomoza upande wa Norway. Rada ilikuwa na nguvu kuliko waliyoitarajia waundaji wake na hakuna aliyekuwa ameifundisha kuutambua mwezi.

Mahali rada inakotazama ni siasa. Mkataba wa mwaka 1972 kati ya Marekani na Muungano wa Kisovieti uliagiza kwamba rada za onyo zijengwe mipakani zikitazama nje, kwa sababu rada ya namna hiyo ikiwa katikati ya nchi yaweza kuongoza kinga ya taifa zima, na mwenye kinga kamili haogopi kuanzisha vita. Wasovieti walijenga moja karibu na Krasnoyarsk, ndani kabisa ya Siberia, wakasisitiza kwa miaka kwamba ni ya kufuatilia setilaiti. Mnamo Oktoba 1989 waziri wao wa mambo ya nje, Eduard Shevardnadze, alikiri waziwazi kwamba ilivunja mkataba. Marekani ilijitoa katika mkataba huo mwaka wa 2002.

Mvutano haukuisha. Rada ya AN/TPY-2, inayobebeka kwa ndege na yenye vipande zaidi ya 25,000 katika uso wa mita 9 za mraba, hutumia mawimbi mafupi ya takriban sentimita tatu. Mawimbi mafupi hutoa picha kali, hata rada ikaweza kutenganisha kichwa cha kombora na maputo ya kuhadaa yanayotupwa pamoja nacho. Imewekwa Japani, Israel na Kurecik nchini Uturuki, na ni sehemu ya mfumo wa THAAD ambao pia umenunuliwa na Milki za Kiarabu. Ilipopelekwa Seongju, Korea Kusini, mnamo 2017, China ilikasirika, si kwa kuogopa makombora ya kinga, bali kwa kuogopa jicho hilo kuchungulia ndani ya ardhi yake. Maduka ya kampuni ya Lotte nchini China yalifungwa kwa wingi, kosa la kampuni hiyo likiwa kutoa uwanja wake wa gofu kwa ajili ya mtambo.

Kuna pia SBX, rada iliyowekwa juu ya jukwaa la kuelea lililoundwa awali kwa kazi za kuchimba mafuta baharini, chenye kuba jeupe linaloonekana kutoka maili nyingi. Huzunguka katika Bahari ya Pasifiki. Ina ukali wa ajabu, lakini eneo inaloweza kulitazama kwa wakati mmoja ni finyu mno, kama mtu anayechungulia anga kupitia mrija. Lazima rada nyingine imwambie wapi pa kuelekeza mrija.

BAHARI YA SHAMU

Kwa miaka mingi haya yote yalikuwa mambo ya majaribio na ya kubuni. Mnamo Oktoba 19, 2023, manowari ya Marekani USS Carney ilidungua makombora ya kruzi na ndege zisizo na rubani zilizorushwa na Wahuthi kutoka Yemen. Miezi iliyofuata, Bahari ya Shamu ikawa uwanja wa kwanza duniani ambapo makombora ya balistiki yalirushwa vitani kulenga meli. Mnamo Aprili 24, 2024, HMS Diamond ya Uingereza ilidungua moja kati ya hayo.

Si zote zilizokingwa. Mnamo Machi 2024 mabaharia watatu waliuawa katika meli ya mizigo True Confidence, na Rubymar ilizama mwezi uo huo baada ya kushambuliwa Februari. Kampuni kubwa za usafirishaji zilikuwa tayari zimeanza, Desemba 2023, kuzipitisha meli zao Rasi ya Tumaini Jema badala ya Suez, na wafanyabiashara wa Mombasa wanaosafirisha bidhaa kwenda Ulaya wakalipa gharama ya njia hiyo ndefu.

Kwa mabaharia waliokuwa vituoni, ile hesabu ya dakika moja u nusu iliacha kuwa nadharia. Mwishoni mwa Januari 2024 kombora moja lilipenya hadi takriban maili moja kutoka USS Gravely kabla ya kuangushwa na bunduki ya Phalanx, ambayo hubeba rada yake ndogo yenyewe na hujifyatulia bila kuombwa. Na mnamo Desemba 22, 2024, USS Gettysburg, meli ya ukoo wa Ticonderoga, ilidungua kimakosa ndege ya Marekani ya F/A-18 iliyokuwa imeruka kutoka kwa meli mwenzake. Marubani wawili waliruka kwa miavuli wakapona. Nukta ile ile iliyomsumbua afisa wa Gloucester mwaka wa 1991 ilikuwa imerudi, na safari hii jibu halikuwa sahihi.

Ghuba nayo, wanakofanya kazi maelfu ya Wakenya, imeyaona hayo. Mnamo Januari 17, 2022 shambulizi la Wahuthi liliua watu watatu, Wahindi wawili na Mpakistani mmoja, wote wakiwa wafanyakazi wa kigeni, mjini Abu Dhabi. Mnamo Septemba 14, 2019, droni na makombora ya kruzi yaliyoruka chini yalikishambulia kiwanda cha mafuta cha Abqaiq nchini Saudi Arabia na kukata karibu nusu ya uzalishaji wa nchi hiyo kwa muda, licha ya mabilioni ya dola zilizotumiwa kununua Patriot. Na mnamo Juni 23, 2025 Iran ilirusha makombora 14 kuelekea kambi ya Al Udeid nchini Qatar. Marekani ilisema 13 yalizuiwa. Lililopita lilipiga kuba la mitambo ya mawasiliano.

Rada, kwa kuwa hupiga kelele ili isikie, hujitangaza kwa kila adui mwenye sikio. Mnamo Mei 2024 droni ya Ukraine iliifikia rada ya onyo ya Warusi huko Armavir, moja kati ya chache zilizojengwa kuona makombora ya nyuklia yakiwa maelfu ya kilomita mbali. Picha za setilaiti zilionyesha uharibifu kwenye jengo lake. Ilikuwa imejengwa kutazama anga za juu na upeo wa mbali, na kilichoipiga kilikuwa kitu kidogo kilichokuja polepole, karibu na ardhi.